Mabehewa yanayokatika njiani na yanayogoma kuachana bandarini

Msomaji mmoja, mwalimu wa fizikia anayeishi Mikindani, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mzee. Mjomba wangu aliyekuwa baharia aliniachia seti ya treni ndogo za HO, yaani za kuigiza zilizopunguzwa mara 87: kichwa kimoja cha dizeli na mabehewa manne ya Kijerumani. Baadaye nikapata mabehewa matatu ya Kimarekani, ya mtumba. Nimetengeneza meza ya vipande viwili vya plaiwudi, reli inazunguka, na njia moja ya pembeni inaingia kwenye bandari ya Mtwara ya kuigiza. Nataka wanafunzi waione ile reli ya zamani iliyokuwa ikitoka Nachingwea kushuka Mtwara. Shida zangu ni hizi: mabehewa ya Kijerumani na ya Kimarekani hayashikani kabisa, treni inakatika karibu kila ikipita mahali pamoja, na nataka kuliacha behewa bandarini bila kuingiza mkono. Nilibandika sumaku ya spika chini ya reli, behewa likavutwa likaganda pale juu, lakini halikuachana na mwenzake. Je, niagize sumaku ya dukani? Na mpingo unafaa kutengenezea mabehewa?"

Marahaba, Mwalimu. Sumaku usiiagize kwanza. Nalitanguliza jibu hili kwa sababu najua hamu ya kuona behewa linabaki lenyewe inavyomsukuma mtu kutoa fedha, na kifurushi kikishafika kutoka Dar hakirudi. Kinachokusumbua ni kimo. Viungio vyako havijakaa kwenye kimo kimoja juu ya reli, na hilo peke yake linatosha kukata treni njiani na kuifanya sumaku yoyote ionekane mbovu. Behewa lisiloungana sawasawa haliwezi kuachana sawasawa, maana kazi hizo mbili zinafanywa na kifaa kile kile.

Tuanze na ulichonacho mkononi. Chukua behewa la Kijerumani, lilete karibu na jicho. Mbele utaona ndoano ndogo, na pamoja nayo kitanzi kinachopanda na kushuka kama mfuniko wa birika. Mabehewa mawili yakisukumwa, kitanzi cha hili kinapanda juu ya ndoano ya lile, ambayo mbele yake imechongwa mteremko, kisha kinaanguka nyuma yake. Ule mlio mdogo unaousikia, tik, ndio huo. Ili yaachane, lazima kitu kiinue vitanzi kutoka chini.

Sasa chukua la Kimarekani. Hapa hakuna kitanzi. Kunja vidole vya mkono wa kulia kama unayeshika mpini wa ndoo, fanya hivyo hivyo kwa wa kushoto, kisha ivutanishe mikono yako. Hicho ndicho kiungio cha kidole. Kwenye reli kubwa, aliyekichukulia hataza ni Eli Janney, Mmarekani, mwaka 1873. Kabla yake mabehewa ya kule yalifungwa kwa pete ya chuma na pini: mtu alisimama katikati ya mabehewa yanayokutana, akaielekeza pete kwa mkono, akatumbukiza pini. Wengi waliacha vidole pale, na wengine waliacha uhai. Mwaka 1893 Marekani ikapitisha sheria ya kuyalazimisha mashirika ya reli kutumia viungio vinavyojifunga vyenyewe, mtu asiingie tena katikati. Waambie wanafunzi wako habari hii siku ya kwanza, kabla hata hujawasha umeme. Watakiangalia kile kidole kidogo kwa jicho jingine.

Kwenye treni ndogo umbo hilo lilienezwa zaidi na kampuni ya Kadee ya Marekani, ambayo jina lake ni herufi K na D za ndugu wawili, Keith na Dale Edwards. Chini ya kila kidole waliweka kimkia cha waya wa chuma uliopinda. Ukikitazama haraka utadhani ni mpira wa breki ya upepo. Sumaku haishughuliki na kidole, inavuta kimkia. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoiangusha sumaku yako ya spika.

Kitanzi na kidole havitashikana hata uvibembeleze vipi, na usijaribu kuvifunga kwa uzi au waya, maana kwenye kona ya kwanza kimoja kitamwangusha mwenzake. Njia ya haraka ni kutengeneza behewa la mpatanishi. Chagua moja kati ya yale manne ya Kijerumani, lililo zito kuliko mengine. Upande mmoja liache na kitanzi chake, upande wa pili lifungie kiungio cha kidole. Litakaa katikati daima: mbele yake kichwa na wenzake wa Kijerumani, nyuma yake wale watatu wa Kimarekani. Hata reli kubwa hufanya hivyo pale ambapo vyombo vyenye viungio tofauti vinapaswa kusafiri pamoja.

Kabla hujaanza kukata, ligeuze behewa hilo tumbo juu. Ukiona kiungio kimechomekwa kwenye kitundu cha pembe nne, na ukikivuta kwa plaizi kinatoka chote bila kuvunja kitu, una bahati. Kitundu hicho ni cha kipimo cha Ulaya kinachoitwa NEM 362, na Kadee wanatengeneza viungio vya kuchomeka humo, namba 17, 18, 19 na 20, vinavyotofautiana kwa urefu tu. Namba 17 ndiyo fupi kuliko zote. Anza na fupi. Mabehewa yakigusana bafa, yale matako ya mbele na nyuma, kwenye kona, panda namba moja. Seti za zamani mara nyingi hazina kitundu hicho. Kama yako ni hivyo, itabidi ukate kiungio cha zamani na kufunga kisanduku cha kipya kwa skrubu kwenye sakafu ya behewa. Supagluu usiitumie hapo. Ikitiririka hadi ndani ya kisanduku, kidole kitaganda na hutakifungua tena.

Sasa kimo chenyewe. Kwa HO, katikati ya kiungio cha kidole panatakiwa pawe inchi 25/64 juu ya uso wa reli, yaani karibu milimita 9.9. Na kimkia kiwe juu ya uso wa reli kwa inchi 1/32 hivi, karibu milimita 0.8. Ni kiasi kidogo, lakini kipimo chake umekibeba mfukoni. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda. Unene wake ni milimita 0.76. Weka behewa kwenye reli iliyonyooka, kisha ingiza kadi kutoka mbele, ikiwa imelala juu ya reli zote mbili, mpaka ifike chini ya kimkia bila kufikia magurudumu. Kimkia kikiigusa kwa mbali, kama unyoya, umepata. Kadi ikikisukuma kimkia, kiko chini mno, na siku moja kitanasa kwenye swichi, pale njia zinapogawanyika, na kulitoa behewa nje ya reli. Kadi ikiingia na kutoka bila kukigusa hata kidogo, kiko juu mno na sumaku itakivuta kwa unyonge.

Kukirekebisha kimkia ni kazi ya plaizi mbili: moja inashika karibu na kidole, nyingine inapinda. Ukipinda kwa plaizi moja, nguvu yote inaingia kwenye kisanduku na unavunja kitu kingine. Kiungio kizima kikiwa chini, ongeza washa, kipete bapa chembamba, kati ya bogi (kile kigari cha magurudumu) na sakafu ya behewa. Washa za namna hiyo mimi huzikata kwenye mfuniko wa kopo la mtindi. Kikiwa juu, punguza kwa msasa pale bogi inapokaa, kidogo kidogo, ukipima kila mara, maana plastiki ukishaiondoa hairudi. Ukipata behewa moja lililokaa sawasawa, liweke alama ya rangi tumboni, nalo liwe kipimo cha mengine yote. Mimi ninalo moja la namna hiyo, nami silichanganyi na mengine kwenye treni, lisije likalegea bila mimi kujua.

Angalia pia kama kiungio kinalegea na kuinamisha pua. Kiinue na kukishusha kwa ncha ya kijiti cha meno. Kikicheza sana, kata kipande cha karatasi ngumu au plastiki nyembamba ukiingize kwenye kisanduku, chini ya shina la kiungio, kikibebe. Kisha kisukume pembeni na kukiachia: lazima kirudi katikati chenyewe, bila kusaidiwa. Kisiporudi, tafuta kijipande cha plastiki kilichochomoza ndani ya kisanduku ukiondoe kwa wembe.

Nikifika hapa sharti niseme habari ya mafuta. Miaka ya nyuma niliona viungio vyangu vinagoma, nikavitia tone moja moja la mafuta ya cherehani. Siku mbili vilikwenda kama maji. Wiki ya pili vumbi la hapa Lindi likachanganyika na yale mafuta, vikawa kama vimepakwa ulimbo. Nilivifungua vyote ishirini na sita na kuviosha kimoja kimoja. Tangu hapo natumia unga wa penseli. Chukua penseli laini, 2B au zaidi, ukwangue risasi yake kwa wembe juu ya karatasi, uuchote unga kwa brashi kavu na kuusukumia ndani ya kisanduku, kisha ukicheze kidole mara kumi. Unga huo haushiki vumbi. Na ukifungua kisanduku, ujue kuna springi ndogo kuliko punje ya mchele, inaruka na haionekani tena. Kazi ya springi mimi huifanyia kitandani, chandarua kikiwa kimeshushwa pande zote. Ikiruka inagonga neti na kuanguka kwenye shuka jeupe.

Tuje kwenye shida yako ya pili, treni kukatika mahali pamoja. Hukusema ni wapi, lakini umesema meza ni ya vipande viwili, nami nitashangaa sana kama si pale vipande vinapokutana. Plaiwudi yetu sisi wa pwani haikai kimya. Inanyonya unyevu wakati wa masika, inakauka kiangazi, na ukingo wa kipande kimoja unainuka juu ya wa pili kwa unene wa ukucha. Macho hayaoni. Lakini behewa la mbele likipanda kile kijongo wakati la nyuma bado liko chini, kidole kimoja kinateleza juu ya mwenzake kama mkono unaochomoka mfukoni, treni imekatika. Kisha ukiyasimamisha na kuyaunganisha upya pale pale yanashikana vizuri kabisa, unabaki unalaumu kiungio kisicho na kosa.

Uhakikishe hivi. Weka simu yako mezani, kamera ikiwa usawa wa reli, washa video ya mwendo wa polepole, pitisha treni. Utakiona kidole kinavyopanda. Halafu laza rula ya chuma juu ya reli, ikivuka kile kiungo cha meza, uangalie mwanga unapita wapi chini yake. Pasipo na mwanga ndipo palipoinuka. Papunguze kwa msasa ukiweza, au inua upande wa pili kwa kadi ya karatasi chini ya slipa, yaani mataruma, mpaka mteremko uenee kwenye sentimita thelathini hivi badala ya kuwa ngazi moja. Na vipande vya meza uvifunge kwa bawaba za mlango zile ambazo pini yake inachomoka: bawaba mbili kwenye ukingo mmoja, unachomoa pini ukitaka kubeba meza kwenda shuleni, unairudisha na vipande vinakutana pale pale vilipokuwa jana. Vitasa na kamba havitakupa uhakika huo.

Kama video itaonyesha kwamba vidole vinachomoka pembeni, si juu, basi kosa liko kwenye kona. Kona ya kulia ikifuatwa papo hapo na ya kushoto, mabehewa marefu yanatupa vichwa vyao pande mbili tofauti na kuvutana nje. Weka kati ya kona hizo kipande kilichonyooka, kisipungue urefu wa behewa lako refu kuliko yote.

Halafu uzito. Behewa jepesi linaposukumwa na mazito huinuliwa na kutupwa, na bila uzito hata viungio vyenyewe havifungi, maana badala ya kitanzi kupanda ndoano, behewa zima linakimbia mbele. Chama cha Marekani cha wapenzi wa reli ndogo, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kina pendekezo zuri kwa HO: gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Kwa hiyo behewa la sentimita 15, ambazo ni inchi 6 hivi, liwe na gramu 113 hivi. Lipime kwa sonara au kwa muuza viungo mwenye mizani ndogo. Linalopungua liongeze chubwi za wavuvi, na Mikindani hukosi wa kukuuzia. Zibandike chini kabisa sakafuni, katikati ya bogi mbili, na unawe mikono baada ya kuzishika kwa sababu ni za madini ya risasi, yenye sumu.

Mambo hayo matatu, kimo, kiungo cha meza na uzito, yatakuchukua Jumamosi mbili. Yakikamilika, treni yako itazunguka jioni nzima bila kukatika, na hapo ndipo pa kuanza kufikiria kuachanisha.

Anza na kijiti cha mshikaki. Ninaposema hivi watu hudhani nawapunguzia hadhi, lakini hiki ndicho kifaa ninachokitumia kuliko sumaku zangu zote. Chukua kijiti cha mwanzi, ncha yake uichonge iwe bapa kama bisibisi. Simamisha treni, legeza viungio kwa kukirudisha kichwa kidogo, shusha ncha kutoka juu katikati ya vidole viwili, zungusha robo mzunguko. Vidole vinafunguka, kichwa kinaondoka, behewa limebaki. Unaachanisha popote mezani, si mahali palipo na sumaku tu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajifunza kwa dakika tano. Ubaya wa kuingiza mkono ni kwamba mkono ni mkubwa: unaliinua behewa, unagusa la jirani, unaangusha mnara wa bandari. Kijiti hakifanyi hayo.

Kwa mabehewa yanayobaki na vitanzi, kijiti hicho hicho kinainua vitanzi kutoka chini, ila kwa shida kidogo. Ukitaka kitu cha kudumu, kata kibao chembamba cha plastiki kinachoingia katikati ya reli bila kuzigusa, ukiunganishe na waya wa breki ya baiskeli unaopita chini ya meza hadi ukingoni. Ukivuta, kibao kinapanda na kuinua vitanzi. Ukiachia, kinashuka chini ya uso wa reli. Hakikisha kweli kinashuka chote. Kikibaki kimeinuka kitakata kila treni inayopita.

Sasa sumaku. Ile ya spika ilishindwa kwa sababu mbili, na wewe mwenye fizikia utazielewa kuliko mimi. Ya kwanza, sumaku ya spika ni pete yenye ncha moja juu na nyingine chini, inavuta vyote kuelekea yenyewe. Kimkia hakihitaji kuvutwa chini. Kinahitaji kuvutwa pembeni, kuelekea reli. Cha behewa hili kiende kulia, cha lile kiende kushoto, ndipo vidole vifunguke. Kwa hiyo panatakiwa safu mbili za sumaku, moja karibu na kila reli, kwa ndani, safu moja ikiwa na ncha ya kaskazini juu na nyingine ncha ya kusini juu. Sumaku ya dukani imetengenezwa hivyo ndani yake. Unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa sumaku ndogo ndogo za vidonge, zile zinazofungia mikoba ya akina mama, ukizipanga katikati ya slipa, tatu au nne kila upande. Usizibandike kwa gundi kwanza. Zishike kwa utepe, jaribu, sogeza, jaribu tena.

Sababu ya pili ni ekseli. Gusa ekseli za lile behewa kwa sumaku. Zikinasa ni za chuma, na ndizo zilizovutwa mpaka behewa likatembea lenyewe na kuganda. Badilisha magurudumu, uweke yenye ekseli za plastiki au shaba. Gusa na reli pia. Reli za aloi ya shaba na nikeli hazivutwi na sumaku, lakini seti nyingi za bei nafuu zina reli za chuma, na hizo zinaiba nguvu ya sumaku isifike kwenye kimkia. Kwa upepo huu wa chumvi zinapata kutu pia, kwa hiyo ukipata nafasi ya kuzibadilisha, anza na kile kipande cha kuingilia bandarini.

Mahali pa kuiweka pachague kwa makini: pawe pamenyooka, urefu wa behewa zima kila upande wa sumaku, na pawe kwenye njia ya pembeni, kamwe si kwenye njia kuu. Sumaku ya kudumu haipumziki. Treni ikipita juu yake huku inavuta, viungio vimekazana na vidole haviwezi kufunguka, inapita salama. Lakini ikipunguza mwendo pale juu, mabehewa yakalegea kwa nukta moja tu, yameachana bila wewe kutaka.

Na hapa ndipo utamu wenyewe ulipo, Mwalimu. Sukuma mabehewa kuelekea bandarini, usimame viungio unavyotaka kuvifungua vikiwa juu ya sumaku. Sogeza kichwa kiasi cha unywele kuelekea mabehewa, yalegee. Vidole vinafunguka, utaona kwa macho. Vuta kichwa nyuma milimita chache tu, bado ukiwa juu ya sumaku: vimeachana. Sasa sukuma tena mbele. Kwa kuwa sumaku bado inavishikilia pembeni, vidole vinakutana vikiwa vimepishana, kimoja kinaegemea mwenzake bila kumshika. Endelea kusukuma, polepole, bila kushtua, uondoke juu ya sumaku uende mpaka mwisho wa njia, mpaka pale gatini ulipopanga magunia ya korosho. Simama. Rudisha kichwa. Behewa linabaki pale ulipolipeleka, umbali wowote kutoka kwenye sumaku. Kwa hiyo sumaku moja mlangoni mwa bandari inatosha kwa bandari nzima. Ukiagiza tatu utakuwa umetupa mbili.

Usishangae ikikataa mara ya kwanza. Mara nyingi kosa ni mkono kwenye kidhibiti: kichwa kinaondoka kwa kishindo, vidole vinayumba na kurudi katikati. Fanya zoezi na mabehewa mawili tu mpaka uweze mara kumi mfululizo, ndipo uwaite wanafunzi.

Kuhusu reli ya Nachingwea, naona furaha kwamba umeifikiria. Ilijengwa kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kukwama miaka michache baadaye. Kwanza ilikuwa ikishuka Mkwaya, huku kwetu Lindi, kabla ya gati la kina kirefu la Mtwara kukamilika, na katika miaka ya 1960 ilifungwa na kung'olewa. Lakini upana wake ulikuwa mita moja. Ukiugawa kwa 87, ambacho ndicho kipimo cha HO, unapata milimita 11.5, na wapenzi wa reli za mita hutumia reli ndogo ya milimita 12. Yako ni milimita 16.5, ambayo ukiizidisha kwa 87 inakupa milimita 1,435: upana ule ule wa SGR. Kwa hiyo meza yako, bila wewe kukusudia, ni ya ile reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay inayosubiriwa miaka yote hii. Ningekuwa wewe ningewaambia wanafunzi hivyo, na ningewapa hesabu hiyo waifanye wenyewe ubaoni. Viungio havibadiliki kwa vyovyote.

Mpingo sasa. Kwa mwili wa behewa haufai: kuta utazichonga nene mno, na mzigo wote utakuwa juu, behewa litapinduka kwenye kona. Lakini kama uzito wa ndani ni mzuri mno, na ningeuchagua kabla ya chubwi kwa treni itakayoshikwa na watoto, kwa kuwa hauna risasi. Unazama majini, kila sentimita ya ujazo ina gramu 1.2 au zaidi kidogo, na haunyonyi unyevu kama mbao nyingine. Nenda kwa wachongaji wa Kimakonde hapo Mtwara uombe vipande vinavyobaki. Behewa lako likiwa na gramu 70 na linatakiwa 113, kipande cha sentimita 9 kwa 2 kwa 2 kitaziba pengo hilo karibu kabisa. Kilaze sakafuni, kifunge kwa skrubu mbili kutoka chini, halafu urudi na ile kadi ya benki upime kimkia upya, maana behewa likiongezeka uzito hushuka kidogo kwenye bogi zake.